Mama Bweni Anajibu: Mkungu wa ndizi ubaki Tukuyu

Ikikaribia Oktoba, vyuo vinapofunguliwa, barua za ukurasa huu hubadilika. Miezi mingine mnaniuliza habari za waume na vikoba. Oktoba mnaniuliza habari za magodoro. Nililea hosteli ya wasichana hapa Iringa kwa miaka 22. Sasa nimestaafu, nakaa Kihesa, na funguo za akiba nilizirudisha zote isipokuwa mmoja ambao mpaka leo sijui ni wa mlango gani. Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nimeipokea, kwa maneno tofauti, kutoka kwa akina mama kama tisa.

SWALI: Mama Bweni, habari za Iringa. Binti yangu, kitinda mimba, amepangiwa Chuo cha Mkwawa hapo Iringa, ualimu wa sayansi. Hajawahi kulala mbali na nyumbani. Sekondari yote alisoma kutwa hapa hapa Tukuyu. Nimeshaanza kufungasha: godoro, mchele kilo 20, maharage, jiko la umeme la sahani moja, ndoo mbili, mablanketi matatu, mkungu wa ndizi na parachichi za kutosha na wenzake. Dada yangu anashauri nikae naye wiki moja mpaka azoee. Mume wangu anasema nimpandishe basi aende mwenyewe, ameshakuwa mtu mzima. Nishike la nani?
Mama wa kitinda mimba, Tukuyu

JIBU: Mama mwenzangu, ugonile. Nimesoma orodha yako mara mbili, na ile mara ya pili nilisikia njaa.

Tuanze na jiko, maana hilo ndilo litakalokukosanisha na mlezi aliyerithi kazi yangu au mwenzake wa chuo chochote. Majengo mengi ya hosteli yaliwekewa nyaya za taa na za kuchajia simu. Taa ya chumbani siku hizi haifiki wati 20. Jiko la sahani moja linakula wati 1,000 na zaidi, na hita ya kuchemshia maji ya kuoga hivyo hivyo. Vyumba kumi vikiwasha kwa pamoja alfajiri, waya ulioko ndani ya ukuta unapata moto wakati nyie wote mnaona ukuta mweupe tu. Ndiyo maana karibu kila chuo kinakataza. Mimi nilizikamata hita nikajaza ndoo. Zilifichwa kwenye mabegi, kwenye masanduku ya vitabu, moja ilishonewa ndani ya mto, na mwenye mto alikuwa ameulalia akiniambia anaumwa kichwa. Usimfanye binti yako aanze chuo kwa kuficha kitu. Badala ya jiko mpe chupa ya chai nzuri, ile inayokaa na moto hadi usiku.

Jiko likishaondoka, mchele na maharage yanaondoka nalo, kwa kuwa hakuna pa kupikia. Mchele usiopikwa ndani ya chumba cha watu wanne ni chakula cha panya. Atakula mgahawa wa chuo na kwa mama ntilie wa getini, na atalalamika kwamba maharage hayajaungwa kama yako. Mwache alalamike. Mpe karanga za kukaanga, sukari, majani ya chai na chupa ya asali.

Ndizi sasa. Mama, nawajua nyie wa Rungwe. Siku ya kupokea wanafunzi sikuhitaji kuuliza nani katoka wapi: wa Kyela alishuka na mchele, wa Njombe na gunia la viazi, na wa Tukuyu alikuja na mkungu umefungwa majani ya mgomba kama mgonjwa. Mwaka mmoja binti wa huko kwenu alifika na mfuko mmoja mkubwa wa shangazi kaja, na ndani yake parachichi zilikuwa zimewekwa juu ya bahasha ya kaki. Zilitoka kwenu mbichi. Saa sita za joto la buti ya basi zikaivisha nusu, mabegi ya wenzake yakamalizia kazi. Ile bahasha ilikuwa na cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo ya kidato cha sita na fomu ya daktari. Cheti tulikipangusa kikapona. Fomu ya daktari ilikuwa imegeuka kijani, muhuri hausomeki, ikabidi arudi hospitali kupimwa upya wakati wenzake wanapanga foleni ya vyumba. Alipopata fomu nyingine vitanda vya chini vilikuwa vimekwisha.

Kwa hiyo karatasi zikae kwenye mkoba wa begani wa binti mwenyewe, usioshuka hata mnaposimama Makambako kununua mahindi. Vyeti halisi, nakala tatu tatu, picha za pasipoti za rangi iliyotajwa kwenye maelekezo ya kujiunga, namba yake ya NIDA, fomu ya afya, na stakabadhi za kila kilicholipwa. Malipo yafanyike kwa kontroo namba aliyoitoa mwenyewe kwenye akaunti yake ya chuo. Akitokea kijana mkarimu stendi akisema anaweza "kuwasaidia chumba" mkimtumia hela kwenye simu, msalimieni mwendelee na safari.

Godoro usilibebe kutoka Tukuyu. Kwanza hujui kitanda kina upana gani. Vingi ni futi mbili na nusu kwa sita, lakini nimeona vya futi mbili kasoro, na godoro lililozidi hukunjika ukingoni kama chapati. Pili hujui kama amepata cha juu au cha chini. Akipata cha juu, usimnunulie godoro nene. Kile chuma cha kumzuia mtu asianguke kiko chini sana. Godoro la inchi nane linakifunika chote, na mtoto analala kama chupa ukingoni mwa meza. Inchi nne au tano inatosha. Apate chumba, apime, ndipo mteremke mjini kununua, bajaji inalileta. Tatu, kabla godoro halijawekwa, inueni chaga mkague kwenye maungio. Mkiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, hizo ni alama za kunguni. Pigeni chaga nje juani, mwagieni maji yaliyochemka kwenye maungio, ndipo mtandike. Usione haya kufanya hivyo mbele ya wazazi wengine. Utashangaa jinsi watakavyokufuata.

Chandarua hukukitaja. Mbu wa Iringa si wengi kama wa Kyela, lakini wapo. Kitanda cha chini kinataka chandarua cha pembe nne, unakifunga kwenye nguzo. Cha juu kinataka cha duara, kama dari lina pa kukitundika. Hicho nacho nunueni baada ya kujua kitanda.

Mablanketi mawili, siyo matatu. Mtafika wakati wa joto, jua kali, vumbi, na binti atakuambia mama, hii ndiyo baridi mliyokuwa mnaisema? Mwache acheke. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai upepo unapita hapa kama umetumwa. Nyie mmezoea baridi ya ukungu na mvua. Yetu ni kavu, inapasua midomo na visigino. Mafuta ya mgando, soksi nzito, na sweta moja ya kulalia. Kufuli mbili, kwa sababu ya kwanza atapoteza ufunguo. Na taulo isiwe mpya sana: siku za mwanzo kamba za kuanikia hujaa watu wasiojuana, na taulo mpya hutembea.

Sasa nakuja kwenye ugomvi wa mumeo na dada yako.

Dada yako simkubali kabisa. Mwaka fulani, wiki ya kwanza, nilikuwa napita usiku kuhesabu vichwa. Chumba cha wanne nikahesabu watano. Huyo wa tano alijifunika gubigubi, lakini visigino vyake vilikuwa nje, na havikuwa visigino vya mwaka wa kwanza. Alikuwa mama wa mmoja wao, ana siku tatu pale, mchana anafagia chumba na kufua nguo za mwanawe, usiku wanalala mzungu wa nne kwenye kile kitanda chembamba. Hakuwa mtu mbaya. Alilia, nami sikumfukuza usiku ule, nilimpa kitanda cha chumba changu. Lakini binti yake alikuwa ameshapewa jina, "Mtoto wa Mama", na alimaliza miaka mitatu nalo. Wale wenzake watatu walifahamiana katika zile siku tatu, kwa kuazimana sabuni, kupotea njia ya kwenda darasani na kucheka. Yeye wakati huo alikuwa anakula na mama yake.

Mumeo naye simkubali moja kwa moja. Mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba, ana mizigo minne, ana karatasi za kupanga foleni sehemu tatu, si vibaya mtu akimshikia mabegi. Tatizo ni kwamba sisi akina mama hatuishii kwenye mabegi.

Nitakuambia la kwangu. Nilipompeleka kijana wangu chuo kimoja Mbeya, nilikuwa na miaka kumi na minne kazini. Nilijiona mtaalamu. Nilipanga foleni mimi, yeye nikamwambia akae kivulini na mizigo. Nilipofika dirishani karani akauliza jina, nikajibu. Akauliza kozi, nikajibu. Akauliza mwanafunzi ana mzio wa dawa yoyote, nikaanza kueleza habari za klorokwini tangu akiwa na miaka sita. Karani akaweka kalamu chini, akasema kwa upole, "Mama, kati yenu anayesoma ni nani?" Foleni nzima ikacheka. Nikageuka nikamwona mwanangu kule kivulini anatazama viatu vyake. Mambo hayo hayo nilikuwa nimewaonya wazazi kwa miaka kumi na minne.

Nami sikukoma hapo. Nilibaki hadi jua likazama nikitandika, nikipanga vitabu ambavyo hata hakuwa navyo, basi zote za kurudi Iringa zikanipita, nikalala gesti Mwanjelwa na hela ambayo ningempa yeye.

Basi fanya hivi. Tokeni Tukuyu alfajiri, mshuke Uyole. Hamna haja ya kuingia Mbeya mjini, mabasi yanayokwenda Iringa na Dar yanapita hapo hapo. Ni zaidi ya kilomita 300, mtafika Iringa mchana. Mabasi ya masafa hayapandi mlimani mjini, yanaishia stendi ya Igumbilo kule bondeni, kwa hiyo tengeni nauli ya daladala au bajaji. Msiende chuo siku hiyo. Laleni gesti, ogeni, kuleni vizuri. Asubuhi saa mbili muwe getini.

Getini wewe ni mchukuzi. Foleni apange yeye. Akiulizwa, ajibu yeye, hata akikosea. Akikosea jina la kata yake karani atamrekebisha, ndiyo kazi yake. Wewe kaa na mizigo. Chumba kikipatikana, kagueni chaga, nendeni mkanunue godoro na chandarua, mrudishe. Msaidie kutandika, kisha uondoke kabla ya wenzake wote kufika. Hapo ndipo penye utamu: mtu anayebaki peke yake chumbani saa nane mchana ndiye atakayemfungulia mlango anayekuja saa tisa, na kumwambia maji yanatoka saa ngapi. Tayari ni mwenyeji.

Mabasi yanayotoka Dar kwenda Mbeya hupita Igumbilo mchana na alasiri. Utafika Uyole usiku, tafuta ndugu wa kukulaza.

Hela. Kama amepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, bumu, yaani hela ya kujikimu, halimsubiri getini. Linakuja baada ya kusajiliwa, akaunti kuhakikiwa na yeye kusaini, na mwaka wa kwanza mara nyingi ndio wanaosubiri. Mwachie ya kula wiki tatu, nusu kwenye simu, nusu mkononi. Likija litakuja kwa mkupuo: tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Siku 60 ni shilingi 600,000 mikononi mwa mtoto ambaye mpaka jana alikuomba hela ya kalamu. Nimeona simu mpya nyingi wiki hiyo, na wiki ya sita nimeona wenye hizo simu wakinywa uji wa kukopa. Zungumzeni hilo kwenye basi, barabara ikinyooka.

Simu: muache akupigie yeye. Ukishindwa, Jumapili jioni. Siku ya nne au ya tano atalia, karibu wote hulia, huwa ni usiku baada ya kuoga maji baridi. Akikuambia nije nyumbani, usimjibu njoo wala usimjibu kaa. Muulize amekula nini.

Na mkungu, kama moyo haukubali kabisa, mpelekee dada yako. Ndaga fijo kwa barua.

SWALI: Mimi ni fundi seremala Mafinga. Kijana wangu anaingia mwaka wa kwanza Iringa, ni karibu, nina Fuso ya rafiki. Nimemtengenezea kitanda, meza na kabati la mninga. Yeye anasema nisije kabisa, atapanda Coaster na begi moja. Nimeumia. Je, ni dharau?
Baba, Mafinga

JIBU: Kamwene baba. Si dharau. Ni kijana amewaza Fuso ikiingia getini ikipiga honi, na wasichana wakiwa barazani.

Chumba atakachopewa kina vitanda vya chuma tayari, vya dabo deka, meza moja au mbili za kugombania, na nafasi katikati ya watu wawili kupishana wakijibana. Kitanda chako hakitapita mlangoni, na kikipita, mlezi atakitoa. Kiweke ndani, siku akipanga chumba mtaani mwaka wa pili atakulilia umpe, na utamtoza usafirishaji.

Lakini mikono yako isikae bure. Mtengenezee sanduku. Si tranka la bati linalopiga kelele saa kumi alfajiri; sanduku la mbao nyepesi, kimo kisizidi inchi kumi ili liingie uvunguni, lenye komeo la kufuli na vipande vya mpira chini lisikwaruze sakafu. Urefu uwe wa kumwezesha kulivuta akiwa amekaa kitandani. Ndani gawa sehemu mbili, nguo na karatasi. Kabati za hosteli vitasa vyake vimeshafunguliwa na vizazi vitano. Sanduku la baba halina ufunguo wa pili. Miaka yangu yote nililiona moja tu la namna hiyo, na mwenye nalo wenzake walimpa simu zao amtunzie wakati wa mitihani.

Mpeleke na hilo sanduku hadi stendi ya Mafinga, kilipie kiti chake, urudi karakana. Ukimtembelea, iwe mwezi wa pili, na umwambie kwanza. Uje bila Fuso.

SWALI: Shikamoo mama. Natokea Kyela, nimefika chuo Mbeya nimechelewa, hosteli zimejaa. Kuna kaka wa mwaka wa tatu amesema atanibeba kwenye kitanda chake kwa nusu ya hela ya chumba. Wengine wanasema nipange nje. Pia naomba kuuliza, ninunue ndoo ya aina gani, maana ya kwanza imeibwa siku ya pili.
Mwaka wa kwanza, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Kubebwa usikubali. Najua jambo hilo linafanyika, nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Vyuo vinalikataza, na ukaguzi ukija mwenye kitanda husema wewe ni mgeni wa usiku mmoja. Hela yako haina risiti. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, uandikishe jina kwenye orodha ya kusubiri, kisha upite pale kila baada ya siku mbili tatu ukasalimie. Wapo wanaopangiwa chumba wasifike, wapo wanaohamia vyuo vingine, na nafasi hizo hupewa uso unaoonekana.

Ukisubiri, panga nje pamoja na mwenzako mmoja, mtu ambaye ameshakuonyesha kitambulisho cha chuo. Usitoe hela kabla hujaingia chumbani na kufungua bomba. Uliza LUKU ni ya chumba au ya nyumba nzima, na nani anakusanya. Tembea njia ya kutoka chuo hadi hapo saa moja usiku, si saa saba mchana. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, omba mitatu. Akikataa, mwandikishiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na dalali usimlipe mpaka ufunguo uwe mfukoni mwako. Na kwa kuwa unatoka Kyela, ziwani, chini ya mita 600, na sasa uko kwenye mita 1,700 hivi, Jumamosi nenda Mwanjelwa kwenye mitumba ununue sweta ya sufu kabla bei haijapanda.

Ndoo: ya lita 20, yenye mfuniko, rangi ambayo mwingine hana, bluu wanazo wote. Jina liandike kwa msumari wa moto, chini ya kitako. Ubavuni wanalisugua kwa waya wa sufuria, linafutika kwa dakika tano.